Hisia Zikifurika: Kutoka Lutindi hadi Benchi la Mbare

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya hisia zinazowaka. Tuna hasira, ghadhabu, hamaki, jazba, mori na kisirani. Tuna mkizi, yule samaki anayejirusha kwa hasira mpaka anaishia chomboni mwa mvuvi, na methali yake kila mtu anaijua. Mtu anapandwa na mori, anafura, anavimba, anawaka. Lakini hebu uliza swali la pili: huyu ambaye hisia zake zinawaka haraka kuliko za wenzake na zinachelewa kuzima, aende wapi? Hapo maneno yanatuishia. Tunabaki na majina mawili ya mahali, Mirembe kwa Mtanzania na Mathare kwa Mkenya, na majina hayo hatuyatumii kumwelekeza mtu njia. Tunayatumia kumtukana.

Nilikulia Dodoma, kwa hiyo tusi hili nililisikia kabla sijajua kwamba Mirembe ni hospitali yenye madaktari, wauguzi na kadi za kliniki. Mtoto akilia sana, ni wa Mirembe. Mwanamke akimjibu mumewe hadharani, Mirembe inamsubiri. Kwa miaka mingi nimejiuliza jina la mahali pa kutibiwa liligeukaje kuwa jina la aibu, na nimegundua kwamba jibu haliko kwenye midomo ya watu wa Dodoma peke yao. Liko kwenye historia.

Historia hiyo, kwa upande wetu, inaanzia mlimani. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 kituo hicho kikageuzwa kuwa cha wagonjwa wa akili. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake Afrika Mashariki, na kipo mpaka leo wilayani Korogwe. Nairobi ilifuata mwaka 1910, Waingereza walipofungua kituo chao kwenye majengo yaliyokuwa yakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 kikapewa jina la Mathari. Mirembe ikaja mwaka 1927.

Tazama hayo majengo ya Nairobi. Mahali pa kumtenga mwenye ndui pakawa mahali pa kumtenga mwenye akili iliyovurugika. Wazo lilibaki lilelile: huyu ni hatari kwa wengine, awekwe mbali. Vituo vya kikoloni vya wakati ule, huku kwetu kama huko Ulaya, havikujengwa kwa ajili ya mtu mwenye huzuni isiyoisha au hasira anayoshindwa kuituliza. Vilijengwa kwa ajili ya yule aliyevuruga utulivu wa barabarani. Mara nyingi aliletwa na polisi, na alifungiwa. Sasa, jirani akiona mtu anapelekwa kwa nguvu na harudi kwa miaka, utamlaumu vipi akiligeuza jina la mahali pale kuwa kitisho?

Isidhaniwe kwamba kabla ya hapo hapakuwa na chochote. Pwani, mtu aliyefurika alikuwa na nafasi yake. Aliitwa kiti, maana pepo alimkalia. Palikuwa na mganga, ngoma, ubani, na watu waliomzunguka usiku kucha. Pepo aliulizwa jina lake na anachotaka, akajibu kwa kinywa cha mgonjwa. Mke aliyenyamaza miaka kumi aliweza usiku ule kusema mbele ya shemeji zake kwamba amechoka, na hakuna aliyemlaumu kwa kuwa aliyesema si yeye. Sitaki kupamba. Palikuwa pia na pingu, viboko, na waliomaliza mali zao kwa waganga. Ninachosema ni kwamba kufurika kwa hisia kulionekana kuwa jambo la kusikilizwa na watu wengi, wakati ukuta wa Mathari ulisema kwamba ni jambo la kufichwa.

Halafu akaja mtu aliyeufanya ukuta huo uwe nadharia. Daktari J.C. Carothers alifika Kenya mwaka 1929, na mwaka 1938 akakabidhiwa hospitali ya Mathari, ingawa hakuwa amesomea udaktari wa magonjwa ya akili. Aliiongoza mpaka mwaka 1950. Kutokana na wagonjwa aliowaona mle ndani, watu waliofikishwa pale na polisi na mahakama, alijenga hoja kuhusu Waafrika wote. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alidai kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo: anaendeshwa na hisia za papo hapo, hajitawali, hapangi mambo ya mbele. Alidai pia kwamba sonona ni adimu sana kwa Waafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha andiko lake jingine, safari hii kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu waliokuwa wakidai ardhi yao wakaelezwa kama watu wenye matatizo ya akili na mpito.

Hapa ndipo panaponiuma. Madai yale yalikuwa na pande mbili, na zote zimetuachia deni. Upande mmoja unasema wewe huwezi kutawala hisia zako kwa sababu ya kabila lako na rangi yako, yaani hakuna cha kutibu, wewe ndivyo ulivyo. Upande wa pili unasema huzuni ya ndani huna, hiyo ni ya Wazungu. Wa kwanza ulikufa polepole. Wa pili tumeurithi na kuufanya wetu. Mara ngapi umesikia Mwafrika mwenzako akisema "depresheni ni ugonjwa wa Wazungu"? Anadhani anatetea mila. Kumbe anarudia maneno ya daktari wa kikoloni.

Aliyemjibu Carothers kwa ukali zaidi alikuwa daktari mwenzake. Frantz Fanon alifanya kazi katika hospitali ya akili ya Blida-Joinville, Algeria, kuanzia mwaka 1953 mpaka alipojiuzulu mwaka 1956. Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka 1961, mwaka aliofariki, na wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Humo anamtaja Carothers na kuonyesha kwamba kilichoitwa tabia ya asili ya mtawaliwa ni matokeo ya kutawaliwa. Wengi wetu tumekisoma kama kitabu cha siasa. Sura ya mwisho kabla ya hitimisho, hata hivyo, imejaa wagonjwa: walioteswa, na hata waliotesa, wote wakija kwa daktari mmoja kwa sababu usiku hawalali. Nakushauri uirudie ukiisoma kama maandishi ya daktari.

Jibu la pili lilikuwa la vitendo. Mwaka 1954, Thomas Adeoye Lambo alianza mpango wake huko Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria. Badala ya kuwafungia wagonjwa, aliwapanga kwenye nyumba za vijiji vya jirani, kila mgonjwa akiwa na ndugu yake, na asubuhi walikwenda hospitalini kwa matibabu. Aliwashirikisha pia waganga wa jadi. Mzee huyu baadaye alikuja kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers.

Na fasihi yetu ilikuwa wapi? Ilikuwepo, tena ilitangulia. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974. Rosa anajiua. Kazimoto naye anajiua. Tulipofundishwa vitabu hivi, tulijibu maswali ya mtihani kuhusu malezi, mgongano wa kizazi cha kale na kipya, na udhanaishi. Majibu hayo si mabaya. Ila vizazi vya wanafunzi vimeandika insha kuhusu kifo cha Kazimoto bila kuulizwa hata mara moja: mtu mwenye maumivu kama haya, hapa kwetu, angesaidiwa na nani? Tulikifanya kifo chake falsafa. Darasani, miongoni mwa wanafunzi arobaini, hakukosekana mmoja aliyekuwa akimsoma Kazimoto kama anayesoma barua yake mwenyewe.

Wakati huohuo, mbali na hapa, msichana mmoja wa Kimarekani alikuwa amepitia ukuta wa aina yake. Mwaka 1961 Marsha Linehan, mzaliwa wa Tulsa, alilazwa katika hospitali ya akili huko Hartford, Connecticut, akiwa na umri wa miaka 17. Alikaa zaidi ya miaka miwili. Alijiumiza, akatengwa chumba cha peke yake, akapewa dawa kali na mishtuko ya umeme, na akaambiwa ana skizofrenia. Havikumsaidia. Alipotoka alisoma saikolojia, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, na akaamua kufanya kazi na wagonjwa ambao wenzake waliwakwepa.

Wagonjwa hao walikuwa na jina la ajabu. Mwaka 1938 daktari Adolf Stern wa New York aliwaita watu wa mpakani, kwa sababu hawakuingia vizuri katika makundi ya maradhi ya akili ya wakati ule. Mwaka 1980 jina hilo likaingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani: ugonjwa wa haiba ya mpakani. Mahospitalini likawa kama tusi, Mirembe yao. Mgonjwa wa mpakani alimaanisha msumbufu, mlaghai wa huruma, asiyepona.

Linehan aligeuza swali. Badala ya kuuliza mtu huyu ana kasoro gani, aliuliza hisia zake zinafanyaje kazi. Akaona mambo matatu: zinaamka kwa kitu kidogo, zinapanda juu sana, na zinachukua muda mrefu kushuka. Aliwafananisha watu hawa na majeruhi wa moto waliopoteza ngozi, ambao hata mguso mdogo unawaunguza. Chanzo, kwa nadharia yake, ni vitu viwili vinavyokutana: mwili uliozaliwa na hisia nyepesi, na mazingira yanayomwambia mtoto kila siku kwamba anachohisi si kweli. "Acha kujiliza." "Mbona mwenzako hajalia?" Mtoto wa namna hiyo hafundishwi kuituliza hisia. Anafundishwa kuificha, na isipofichika analipuka, maana akilipuka ndipo anaposikika.

Tiba aliyoiunda inaitwa tiba ya tabia ya kidialektiki. Neno ni zito, lakini maana yake ni nyepesi: mambo mawili yanayopingana yanaweza kuwa kweli pamoja. Ulivyo sasa unakubalika, na pia unahitaji kubadilika. Utafiti wake wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba wanawake waliopata tiba hiyo walijiumiza mara chache kuliko waliopata matibabu ya kawaida, na mwongozo wake ukatoka mwaka 1993. Kinachofundishwa ni stadi za aina nne: kuwa makini na kinachotokea sasa hivi bila kukihukumu, kuvumilia dhiki bila kuiongeza, kuratibu hisia, na kuishi na watu bila kujipoteza wala kuwapoteza. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, Linehan alirudi katika hospitali ileile ya Hartford akasema hadharani kwamba aliwahi kuwa mgonjwa wao. Mpaka siku hiyo, wengi waliotumia tiba yake hawakujua.

Ona sasa umbali uliopo kati ya Carothers na Linehan. Wote wawili wanazungumzia mtu anayeshindwa kutawala hisia. Mmoja alilifanya jambo hilo asili ya watu fulani, akafunga mlango. Mwingine alisema ni stadi ambayo mtu hakupewa nafasi ya kujifunza, na kama ni stadi basi inafundishika.

Naandika haya kama mtu mwenye haja nayo. Mimi ni miongoni mwa wanaowaka haraka. Ujumbe usiojibiwa ulikuwa unaweza kunilaza kitandani siku mbili, na neno dogo la bosi likanifanya nitetemeke mikono mpaka jioni. Nilipokuwa na miaka 26 nilikwenda katika zahanati moja, nikamweleza muuguzi kwamba naogopa ninavyojisikia. Alinitazama, akacheka kwa upole, akasema, "Mdogo wangu, wewe olewa tu, hayo yataisha." Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alinipa alichokuwa nacho.

Ilinichukua muda mrefu kujaribu tena. Mwanasaikolojia niliyemwona baadaye hakuniambia nitulie. Aliniuliza, "Dada, hasira ikianza, unaisikia wapi mwilini kwanza?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Akanipa karatasi yenye safu tano nijaze kila jioni: nini kilitokea, nilikitafsiri vipi, mwili ulifanyaje, nilitamani kufanya nini, nilifanya nini. Wiki ya tatu nikaona mwenyewe kwamba hasira zangu nyingi zilikuwa hofu iliyovaa nguo nyingine. Alinifundisha kuosha uso kwa maji baridi sana, kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, na kusubiri. Eti kusubiri! Lakini wimbi la hisia lina kilele, na usipolichochea kwa maneno na mawazo, linashuka. Sikuwahi kulijua hilo kwa sababu sikuwahi kulisubiri.

Najua swali linalofuata: huyo mwanasaikolojia anapatikana wapi, na kwa bei gani? Ni swali la haki. Daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alikutana nalo kwa uchungu. Mgonjwa wake mmoja alijiua kwa sababu familia ilikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, alianza na bibi 14 na mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Bibi hao walifunzwa kumsikiliza mtu mwenye kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, ambalo Mswahili yeyote aliyewahi kusema "nina mawazo" atalielewa bila mkalimani. Kwanza wanaifungua akili ya mgeni wao, kisha wanamwinua, kisha wanamwimarisha: tatizo moja linachaguliwa, na suluhisho dogo linajaribiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umevuka mipaka, umefika hadi Zanzibar.

Ukiitazama kwa jicho la historia, benchi lile limeunganisha vitu vilivyotenganishwa mwaka 1910. Kuna elimu ya daktari, na kuna watu wanaokuzunguka wakikusikiliza, kama usiku ule wa ngoma pwani, ila mara hii huhitaji pepo wa kukusemea.

Sheria nazo zinasogea. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, urithi wa Waingereza, mpaka Januari 2025 ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Tanzania tunacho kifungu chetu, cha 217. Mtu akiwa na maumivu kiasi hicho, mtu wa kwanza kumfikia asiwe polisi.

Basi niseme na wewe unayesoma huku ukijitambua. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili. Anaweza kukupima na kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia tiba hutibu kwa mazungumzo na mazoezi. Mshauri nasaha husaidia katika jambo mahususi, kama msiba au ndoa. Una haki ya kuuliza amesomea nini na amesajiliwa wapi. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na madaktari wa nchi zote mbili wana mabaraza yao. Hospitali za rufaa zina kliniki za afya ya akili ambako watu huenda na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mirembe yenyewe inayo. Ukishindwa kupata jina la tatizo lako, usijali. Sema tu: "Hisia zangu zinapanda haraka, zinakaa muda mrefu, na zinaharibu maisha yangu." Hiyo inatosha kuanzia. Wa kwanza asipokusikiliza, nenda kwa wa pili. Na kama umefikia mahali pa kutaka kufa, usingoje tarehe ya kliniki: mwambie mtu mmoja leo, na akupeleke hospitali iliyo karibu, dirisha la dharura.

Ila kuna kazi moja ambayo hospitali haziwezi kutufanyia, nayo ni yetu sisi tunaocheza na maneno. Kizazi cha kabla yetu kilitunga sonona, msongo na afya ya akili, na leo yanasemwa redioni bila mtu kushtuka. Tuliobaki tuna jukumu la kulirudisha jina Mirembe kuwa la hospitali. Anayeniambia kesho kwamba anakwenda Mirembe, natamani nimjibu kama ninavyomjibu anayekwenda kung'olewa jino: ugua pole, utarudi saa ngapi tukuwekee chakula?